Usiku Mmoja Kwenye Kisiwa cha Mchanga

Visiwa vya Ghuba ya Mnazi, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, ni vidogo kiasi kwamba ramani nyingi za nchi haziviandiki majina. Namponda, Mmongo na Kisiwa Kidogo vipo jirani na Rasi ya Msimbati, si mbali na mdomo wa Mto Ruvuma, na vyote vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 650, na karibu theluthi yake ni nchi kavu: vijiji, mikoko, mashamba ya minazi na mikorosho.

Wanaolala kwenye visiwa vya namna hii ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wavuvi wa dago, yaani wanaohama na vyombo vyao kufuata samaki, wakajenga vibanda vya makuti na uchanja wa kukaushia ng'onda, wakakaa wiki au miezi, kisha wakarudi kwao. Wa pili ni wachache zaidi: wasafiri wa shanta mgongoni, aghalabu wawili wawili, wanaotaka kulala usiku mmoja mahali pasipo na hoteli. Hawa wa pili hufaulu pale wanapofanya kama wale wa kwanza.

Safari ya kufika huko imekuwa nyepesi katika miaka ya karibuni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na wakati wa mvua basi la Mtwara liliweza kukaa njiani siku kadhaa. Leo kilomita zipatazo 560 kutoka Dar es Salaam humalizwa kwa siku moja. Wasafiri wengi hupumzika Mikindani, mji wa kale ulio karibu na Mtwara, ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kutoka Mtwara mjini, njia moja huenda Msimbati na nyingine huenda Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma cha kuingia Msumbiji.

Kilambo humfundisha mgeni somo la kwanza la pwani hii. Mto hapo una mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na pantoni hutegemea maji ya bahari yanayopanda mtoni ili ipate kina cha kupita. Mwenye gari aliyezoea ratiba ya saa za ofisi hujikuta akisubiri maji yajae, sawa na mvuvi wa mtumbwi. Wanaotaka kuvuka kwa barabara bila kungoja maji huenda mbali upande wa juu, hadi Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Jambo jingine la kuuliza Kilambo ni usalama. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, limekuwa na mapigano, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania wa mto huo huo, kilishambuliwa. Hali hubadilika, kwa hiyo wanaojua ya wiki hii ni uhamiaji na serikali ya wilaya. Kitabu cha mwongozo kilichochapwa miaka mitatu iliyopita hakiwezi kujua.

Msimbati ni kijiji cha Wamakonde wa pwani, wengi wao Waislamu, na hodi hupigwa kabla ya kuingia. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa wahusika wa hifadhi, na ruhusa ya kulala kisiwani huombwa huko huko. Kisha wageni hujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwanamume na mwanamke wanaosafiri pamoja wasishangae wakiulizwa kama wameoana. Ndivyo wenyeji wanavyojua wawaandalie vipi mahali pa kulala, na jibu la upole humaliza habari. Mwanamke akiwa na kanga ya kujifunga, na mwanamume akavaa shati anapopita kijijini, mazungumzo ya bei ya chombo huanza vizuri. Wenyeji wa Msimbati wamekwisha kuwaona wageni wa ajabu zaidi: mwaka 1959 Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyestaafu na kuhamia hapo, alitangaza kwamba Msimbati ni usultani huru. Dunia haikumjali.

Chombo cha kuvukia ni mashua au ngalawa, na anayepanga saa ya kuondoka ni mwezi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Kwa mgeni mwenye shanta hili ni jambo la vitendo kabisa. Wakati wa bamvua, mahali palipo na maji ya shingo asubuhi huweza kuwa uwanja wa matope na majani ya bahari ifikapo adhuhuri, na chombo kilichotia nanga vibaya hulala ubavu hadi jioni. Nahodha akisema "tutaondoka maji yakijaa", hajakataa kutaja saa, ameitaja.

Maji ya kunywa ndiyo shida kubwa ya kisiwa kidogo, na sababu yake inafaa kueleweka. Mvua inaponyesha juu ya mchanga, maji matamu huzama na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kisiwa kikubwa huhifadhi hivyo akiba ya kutosha visima. Kisiwa chembamba hubaki na utando tu, na kila bamvua huuchanganya na chumvi. Kisima cha mkono kikichimbwa hapo hutoa maji ya munyu yanayofaa kuoshea sufuria, hayafai kunywa. Ndiyo maana wavuvi wa dago huja na madumu yao kutoka bara. Watu wawili kwa usiku mmoja na asubuhi yake, wakipika wali na kunywa chai, hawatajuta kubeba dumu zima la lita 20, hata kama linaonekana mzigo wa kichekesho ufukweni Msimbati.

Kabla ya jua kuzama hutafutwa mahali pa kulala. Alama ni mstari wa majani makavu ya bahari, vifuu na vipande vya mbao: hapo ndipo maji ya mwisho yaliposimama. Hema huwekwa juu ya mstari huo, na kama ni usiku wa bamvua huwekwa juu zaidi, bila kukaa chini ya mnazi wenye nazi pevu. Chandarua ni cha lazima, kwani malaria ipo katika mkoa huu. Kuni za mkoko hazikatwi; mikoko hushika udongo na kulea kamba na samaki wachanga, na kuikata bila kibali ni kosa. Makumbi na vifuu huwaka vizuri, na moshi wa makumbi hufukuza mbu.

Kitoweo hupatikana kwa jirani. Pale penye dago, pweza au changu huuzwa moja kwa moja kutoka kwenye chombo, na mara nyingi muuzaji hukaa akaonyesha namna ya kumpiga pweza mpaka alainike. Wingi wa viumbe hapa una chanzo chake mbali. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki hugonga pwani ya Afrika karibu na latitudo hizi, kisha hugawanyika, tawi moja likielekea Tanzania na Kenya, jingine Msumbiji. Mayai na vichanga vya samaki na matumbawe vinavyoletwa na mkondo huo hufika kwanza hapa, na watafiti wamehesabu zaidi ya aina 250 za matumbawe magumu katika ghuba hii. Kuna miamba iliyovunjwa na uvuvi wa baruti, na jeraha la baruti kwenye tumbawe haliponi kwa muda mfupi.

Usiku, tochi iwe ya kazi tu. Kasa hupanda fukwe za eneo hili kutaga, na jike akiona mwanga hurudi majini bila kutaga. Vifaranga hutoka baada ya karibu miezi miwili na kufuata weupe wa bahari. Taa ya hema huwapoteza njia. Atakayekuta mikwaruzo mipana kama ya gurudumu la trekta asubuhi aiache ilivyo, asichimbe.

Majira ya kwenda ni Julai hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha na nyangumi wakipita nje ya miamba, ingawa kusi bado huvuma na baadhi ya siku chombo hakitoki. Masika haifai: Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, na watu wa Mtwara waliambiwa waende sehemu za usalama. Hata katika miezi inayofaa, anayepanga safari aulize tarehe ya mwezi kabla ya kuuliza bei, na anapoagana na nahodha jioni wakubaliane juu ya maji ya kurudi: ya alfajiri, au yale yatakayofuata baada ya muda wa karibu saa kumi na mbili na nusu.