Mitihani ya Uhasibu: Mwili Nao Uandaliwe



Katika parokia zetu wamo waamini wengi wanaofanya kazi ya hesabu: kwenye viwanda vya minofu ya samaki, halmashauri, shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo. Baadhi yao, wakirudi nyumbani jioni, hufungua tena madaftari kwa sababu wanaitafuta CPA, yaani idhini ya kuwa mhasibu kamili. Huenda mtajiuliza: habari ya mitihani inahusu nini ukurasa wa afya? Inahusu sana. Mtahiniwa wa mitihani hii aghalabu ni baba au mama mwenye kazi, watoto na karo za kulipa. Akiugua yeye, nyumba nzima hutetereka.

MTIHANI WENYEWE

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la NBAA, iliundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972. Ndiyo inayosajili wahasibu na kuwatahini. Mitihani hufanyika mara 2 kwa mwaka, Mei na Novemba, na Mwanza ni mojawapo ya vituo. Ziko ngazi kadhaa, na mwenye shahada ya uhasibu huruhusiwa kuanzia ngazi ya kati kabla ya kuingia ngazi ya mwisho. Somo moja huandikwa kwa saa 3. Anayefaulu ngazi ya mwisho, na kuwa na uzoefu wa kazi unaotakiwa, ndiye anayeweza kusajiliwa kuwa CPA.

Kanda yetu si ngeni katika fani hii. Chuo cha Nyegezi, kilichoanzishwa mwaka 1960 wakati wa Askofu Joseph Blomjous, kilifundisha uhasibu kwa miaka mingi kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998.

MAOMBI YAFANYWE MAPEMA

Wasiwasi wa mtihani mara nyingi huanzia kwenye maombi yaliyochelewa. Mambo haya yafanywe mapema:

1. Kusanya vyeti vyote halisi na nakala zake. Hakikisha majina yanafanana kwenye vyeti vyote, hata herufi moja. Kusahihisha jina huchukua muda.

2. Jisajili kwanza kuwa mtahiniwa, kisha uombe kufanya mtihani wa msimu unaoutaka. Siku hizi maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, na ada hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa. Usingoje siku ya mwisho, kwani mtandao ukilemewa siku hiyo, wewe ndiye utakayekosa usingizi.

3. Panga idadi ya masomo kulingana na nguvu na muda wako, wala si kwa kushindana na mwenzako wa ofisini.

4. Anayetoka mbali afike mjini mapema. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lakini wa Ukerewe bado wanategemea vyombo vya majini, na ziwa likichafuka safari huahirishwa.

USINGIZI SI UVIVU

Watahiniwa wengi hudhani kwamba kukesha ndiko kusoma. La hasha! Mtu anapolala, ubongo hupanga na kuhifadhi yale aliyojifunza mchana. Anayekesha wiki nzima ni kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Alale saa 4 usiku, aamke saa 11 alfajiri, asome kwa saa moja na nusu akili ikiwa imetulia, ndipo aende kazini.

Kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa: vyote vina kafeini, na kafeini haitoki mwilini upesi. Uliyokunywa saa 10 jioni, karibu nusu yake bado imo mwilini saa 3 usiku. Ikizidi huleta mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na tumbo kuwaka. Mwenye shinikizo la damu au vidonda vya tumbo ajihadhari zaidi, na mama mjamzito apunguze sana. Vidonge vya kukesha au vya usingizi visitumiwe kamwe bila daktari.

MALARIA NA KICHOCHO

Mei huja mwishoni mwa masika, na Novemba huja katikati ya vuli. Hapa kwetu kandokando ya ziwa hiyo ni misimu ya mbu. Anayesoma barazani usiku huumwa asijue. Avae mikono mirefu, na chandarua kitumike kila usiku.

Homa ikimpata, asijitibu kwa kubahatisha ili awahi kurudi vitabuni. Apimwe kwanza. Ikiwa ni malaria ya kawaida na akaandikiwa dawa mseto, mtu mzima humeza vidonge 4 mara 2 kwa siku, kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Jumla ni vidonge 24. Wapo wanaoacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, kisha homa huwarudia, pengine katika wiki ya mtihani.

Anayechoka kila siku bila sababu, huku tumbo likimuuma au akitoa choo chenye damu, apimwe kichocho. Ni ugonjwa wa kawaida pwani ya ziwa letu, na dawa yake ipo.

MACHO NA TARAKIMU

Baada ya umri wa miaka 40 macho ya wengi hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Huo si ugonjwa wa kutisha, lakini kwa mhasibu 3 hugeuka 8 na jumla nzima ikaharibika. Ukiona unasukuma kitabu mbali ndipo usome, au kichwa kinauma kila jioni, kapime macho miezi kadhaa kabla ya mtihani ili uizoee miwani. Soma penye mwanga wa kutosha, na kila baada ya dakika 45 simama, unyooshe mgongo na uangalie mbali.

CHAKULA

Hakuna haja ya vyakula vya ghali. Ugali na dagaa, maharage, mchicha, sato, viazi vitamu au michembe vyatosha. Asubuhi ya mtihani ale kitu chepesi alichokizoea, na anywe maji. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa zake hata siku moja.

KAZI YA FAMILIA

Baba anaposoma, nyumba hunyamaza. Mama anaposoma, vyombo, maji na watoto bado vinamngoja. Hapa tunawaomba akina baba na vijana wakubwa wazichukue kazi hizo. Mama anayenyonyesha apewe nafasi ya kulala mtoto anapolala. Jumuiya ndogondogo nazo zinaweza kumpunguzia mtahiniwa zamu kwa miezi 2.

MATOKEO YAKIWA MABAYA

Kurudia somo ni jambo la kawaida katika mitihani hii, na si aibu. Hata hivyo wengine huumia mno, hasa wakiwa wamekopa ada au wakichekwa ofisini. Mkiona ndugu yenu halali wiki 2 mfululizo, hali, anajitenga, au anasema kwamba hana faida tena, msimwambie tu ajikaze. Mkaeni karibu, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru, na kumwuliza hakutampa wazo hilo. Kama ndivyo, asiachwe peke yake, sumu za pamba na za panya zifungiwe, naye afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Sala iende pamoja na matibabu.

Tarehe 21 Septemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Mathayo, mtoza ushuru aliyeitwa na Bwana akiwa mezani pa kazi yake, naye ni msimamizi wa wahasibu. Siku hiyo huangukia wiki chache tu kabla ya mitihani ya Novemba. Yafaa tuwaombee watahiniwa wetu siku hiyo, na jioni yake tuwasaidie kazi za nyumbani ili walale mapema.