Mswaki wa Umeme wa Sh28,000: Hesabu Yake Baada ya Miaka 5

Kwenye rafu moja ya supamaketi utapata mswaki wa Sh150. Hatua chache mbele, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, kuna mwingine wa Sh28,000. Kazi yao ni moja, kuondoa ukoga kwenye meno. Huo wa kabatini una mota, betri, taa, na programu ya simu inayokuonyesha ni meno gani umeyasugua na yapi umeyaruka.

Sh28,000 si pesa ya kuchezea. Kuna nyumba ambako hiyo ni karo ya muhula mzima. Kwa hivyo, kabla hujatoa simu kulipa, tumeona tupige hesabu pamoja. Tunaangalia miaka 5, kwa sababu mswaki wa umeme haulipiwi siku moja tu. Bei tunazotumia hapa ni za mfano. Toa zetu, weka za duka lako, halafu uone jibu litakuwa gani.

Je, umeme unasaidia kweli?

Ndiyo, unasaidia. Mswaki wa umeme si kitu cha jana. Ule ulioitwa Broxodent ulitengenezwa Uswisi mwaka 1954, kwa hivyo watafiti wamekuwa na muda wa kutosha kuichunguza miswaki ya aina hii. Mwaka 2014 shirika la Cochrane, ambalo hukusanya tafiti za afya na kuzichambua kwa pamoja, lilichapisha mapitio ya majaribio 56 yaliyolinganisha miswaki ya umeme na ya mkono. Waliotumia ya umeme kwa zaidi ya miezi 3 walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11.

Lakini tusome vizuri. Kilicholinganishwa hapo ni umeme na mkono. Hakuna mahali mapitio hayo yanasema kwamba mswaki wa Sh28,000 unasafisha kuliko wa Sh5,000. Faida nyingi unayoipata inatokana na kile kichwa kinachozunguka ama kutetemeka, na hicho kimo hata kwenye modeli za bei ya chini.

Hizo pesa za ziada zinanunua nini?

Madaktari wa meno wanataka upige mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, bila kukandamiza fizi. Hapa kuna vitu viwili kwenye mswaki wa umeme ambavyo vina maana. Cha kwanza ni saa inayokuambia dakika 2 zimeisha, maana wengi wetu tukijipimia kwa kichwa tunaacha mapema. Cha pili ni kile kinachokuonya, kwa taa ama kwa kupunguza kasi, ukikandamiza sana. Ukitafuta vizuri, utapata modeli za bei ya chini ama ya katikati zenye vyote viwili.

Ukipanda bei, unachoongezewa ni skrini, programu ya simu, rangi, kibebeo cha safari, na mitindo mingi ya kusugua. Kuna watu wanaofurahia programu hiyo na inawasaidia kujenga mazoea. Wengine huifungua wiki mbili za kwanza, kisha wanaisahau.

Kuwa makini hasa na mtindo unaouzwa kama wa kung’arisha meno. Mswaki unaweza kutoa madoa ya juu, kama ya chai na kahawa. Lakini sehemu za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, kuna maji yenye floraidi nyingi, na watu waliokulia huko huwa na meno yenye rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo iliingia ndani ya jino lilipokuwa likiumbwa utotoni. Hakuna mswaki utakaoitoa, uwe wa Sh150 ama wa Sh28,000. Kama hiyo ndiyo sababu yako ya kununua, peleka pesa hizo kwa daktari wa meno, umuulize kwanza kinachowezekana.

Sasa tupige hesabu

Kichwa cha mswaki hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, ama mapema zaidi nyuzi zikianza kutawanyika. Hivyo ni vichwa 4 kwa mwaka, 20 kwa miaka 5. Tuseme cha kwanza kimo ndani ya boksi, wewe utanunua 19.

Mswaki wa mkono: Sh150 mara 20 ni Sh3,000.

Wa umeme wa bei ya chini: mpini Sh5,000, vichwa 19 kwa Sh600 kila kimoja ni Sh11,400. Jumla Sh16,400.

Wa umeme wa bei ghali: mpini Sh28,000, vichwa 19 kwa Sh1,500 kila kimoja ni Sh28,500. Jumla Sh56,500.

Angalia huo wa tatu tena. Vichwa vimekula pesa nyingi kuliko mswaki wenyewe. Bei iliyokushtua pale kabatini haikufika hata nusu ya utakacholipa.

Ukigawa kwa siku, mswaki wa mkono unakula chini ya Sh2. Wa umeme wa bei ya chini, karibu Sh9. Wa bei ghali, karibu Sh31. Tofauti kati ya hiyo miwili ya umeme ni Sh40,100 kwa miaka 5. Pesa hizo zinaweza kukulipia ukaguzi na usafishaji wa meno kwa daktari mara kadhaa, na huduma hiyo hakuna mswaki unaoweza kuifanya. Ukoga ukishaganda ukawa mgumu kama jiwe, hautoki kwa kusugua.

Kama mko wawili nyumbani, mnaweza kutumia mpini mmoja, kila mtu na kichwa chake. Hapo gharama ya mpini inagawanyika. Ya vichwa haigawanyiki.

Betri ikifa mapema

Hesabu yetu imechukulia kwamba mpini utafika miaka 5. Miswaki mingi ya aina hii imefungwa kabisa ili maji yasiingie, kwa hivyo betri ikichoka si rahisi kuibadilisha. Unatupa mpini wote. Ule wa Sh28,000 ukizimika mwisho wa mwaka wa tatu, utakuwa umelipa Sh44,500 pamoja na vichwa, yaani karibu Sh41 kwa siku.

Ndiyo maana waranti ni sehemu ya bei. Uliza ni ya muda gani, na nani anaishughulikia hapa Kenya. Waranti ya mtengenezaji aliye ng’ambo haikusaidii sana kama duka lililokuuzia halitambui.

Vichwa viko?

Hili ndilo swali la kwanza la kuuliza dukani, hata kabla ya bei.

“Bosi, vichwa vya huu viko?”

“Viko, lakini kwa sasa vimeisha. Tukiagiza, ni kama wiki tatu hivi.”

Ukipata jibu kama hilo, jua kwamba baada ya miezi 3 shida itakuwa yako. Vichwa vya Oral-B haviingii kwenye mpini wa Philips Sonicare. Hata ndani ya kampuni moja haviingiliani vyote. Modeli za Oral-B za iO zina vichwa vyake, na vile vya duara vya modeli za awali haviingii hapo. Kama vinapatikana duka moja tu jijini, bei itakuwa ile duka hilo linataka.

Chukua mfano wa watoto wanaochanga wamnunulie mama yao aliye ushago, ambaye vidole vimekakamaa kwa sababu ya yabisi. Wazo ni zuri sana, kwa sababu mpini mnene na kichwa kinachojisogeza chenyewe ni nafuu kubwa kwa mikono kama hiyo. Lakini wakimtumia mswaki peke yake, baada ya miezi michache nyuzi zitakuwa zimelala, na mama hatapiga simu Nairobi kusumbua watu kwa sababu ya kichwa cha mswaki. Ataurudisha kwenye boksi lake auweke kabatini. Afadhali wanunue mpini wa bei ya chini, na pesa inayobaki wanunue vichwa vya mwaka mzima, wampelekee vyote mara moja.

Jamaa akikuletea kutoka ng’ambo

Huenda una ndugu Marekani amekuambia kule ni bei rahisi. Kabla hajalipa, mwambie asome maandishi madogo yaliyo kwenye chaja. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Iliyoandikwa 120V peke yake usiichomeke hapa, itaungua. Ikitoka Uingereza, volti zinalingana na zetu, ila miswaki mingi ya kule huja na plagi ya pini 2 ya bafuni, na utahitaji adapta.

Kulipa polepole nako kuna bei

Maduka mengi yatakuambia uchukue leo ulipe kidogo kidogo. Si vibaya, mradi ujumlishe. Tuseme bei ya pesa taslimu ni Sh28,000. Muuzaji anataka Sh5,000 leo, kisha Sh1,000 kila wiki kwa wiki 30. Jumla ni Sh35,000. Umeongeza Sh7,000, ambazo zingekununulia vichwa 4 na chenji ikabaki. Sh1,000 kwa wiki inasikika ndogo kwa sababu hakuna aliyekuandikia jumla. Iandike mwenyewe.

Kuhusu kukopa kwa simu ili ununue mswaki, sisi tunafanya kazi ya malipo na bado tunakuambia usifanye hivyo. Mkopo wa simu unafaa dharura ama biashara itakayourudisha. Mswaki wa mkono utakusafisha meno leo jioni ukiendelea kuweka akiba.

Akiba yenyewe si ngumu. Kwa kichwa cha Sh1,500 kila miezi 3, weka Sh120 kila wiki kwenye akaunti ya akiba iliyo kwenye simu yako. Kwa cha Sh600, Sh50 kwa wiki inatosha. Ukiona huwezi kuziweka hizo kwa miezi 3 mfululizo, umejua mapema kwamba mswaki huo utakulemea, na bado hujatumia hata shilingi.

Nani anunue upi?

Kama fizi zako ni nzima, daktari hana lalamiko na mswaki wa mkono unautumia vizuri, baki nao. Chagua wenye nyuzi laini, uulaze kidogo kuelekea kwenye fizi, tumia dawa ya meno yenye floraidi, na uweke saa ya simu dakika 2.

Kama unakandamiza sana, una vyuma vya kunyoosha meno, una ugonjwa unaofanya mikono itetemeke ama ikakamae, ama unampigia mswaki mtu asiyejiweza, wa umeme utakufaa. Anza na wa bei ya chini wenye ile saa na kile kinachokuonya ukikandamiza.

Wa bei ghali unafaa mtu ambaye tayari ametumia wa umeme kwa mwaka mzima bila kuuacha, anapata vichwa bila shida, na pesa hizo hazina kazi nyingine inayozingoja. Hata yeye ajue kwamba anachoongeza ni starehe zaidi kuliko usafi. Na fizi zikitoka damu kila ukipiga mswaki, usinunue chochote kwanza. Nenda uonwe na daktari wa meno.

Kabla hujaweka PIN

Ukishaamua, pitia haya:

Angalia alama ya ubora ya KEBS kwenye boksi, na kama muhuri umefunguliwa. Vichwa bandia ni vingi, na bei ikiwa chini ajabu, jiulize kwa nini.

Lipa kwa nambari ya biashara, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Jina likitokea kwenye skrini, lisome lote. Lisipolingana na la duka, simamisha hapo.

Ukinunua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua, omba ulipe bidhaa ikifika, baada ya kuifungua na kuiwasha.

Chukua risiti yenye jina la modeli na muda wa waranti, na usifute ujumbe wa malipo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini kudai bila ushahidi ni kazi ngumu.

Mwisho, nunua kichwa kimoja cha akiba siku hiyo hiyo, kwenye duka hilo hilo. Wakikosa kukupa, rudisha mswaki kwenye kabati lao kabla hujalipa.