Je, wajua? MiFi yako inataka kukaa dirishani

Simu janja imetuzoesha kuamini kwamba kitu kimoja kifanye yote. Kioo, kamera, spika, betri na antena ya mtandao vimeshikamanishwa ndani ya kasha moja, na macho yako yanapokwenda, antena nayo inafuata. Ukijilaza kwenye chumba cha ndani, antena imelala nawe. Hapo ndipo MiFi, yaani kile kisanduku kidogo chenye betri kinachogeuza mtandao wa laini ya simu kuwa Wi-Fi, inapoishinda simu, na ndipo watu wengi wanapoidharau bila kuielewa. Yenyewe inaweza kukaa mahali penye mtandao, wewe ukakaa mahali penye kivuli.

Wengi wanaoimiliki huiweka mfukoni, au kwenye droo, au nyuma ya televisheni, kisha wanalalamika kwamba haina tofauti na hotspoti ya simu. Ukiiweka huko, kweli haina tofauti.

Fanya jaribio hili. Unganisha kompyuta au simu na MiFi, fungua kivinjari, andika 192.168.8.1 kama kifaa ni cha Huawei (ZTE nyingi hutumia 192.168.0.1), kisha ingiza nywila. Kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko ndani ya mfuniko au chini ya betri. Tafuta ukurasa wa taarifa za kifaa. Kwenye matoleo mengi utakuta herufi RSRP na namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Hiyo ni nguvu ya mawimbi ya 4G yanayokifikia kifaa kutoka mnarani, kwa kipimo cha dBm. Vile vijiti vya mtandao juu ya kioo ni makadirio tu, na kila kampuni huvichora ipendavyo. Namba hii haidanganyi.

Ikisoma karibu na -80, uko vizuri sana. Ikifika -100, mambo yanaanza kusuasua. Ikishuka hadi -115, video inakwama na barua pepe yenye kiambatisho inagoma kwenda. Na kipimo chenyewe hakihesabiki kama rula, kwa sababu kila tofauti ya 10 ni mara kumi. MiFi inayosoma -108 juu ya meza ya sebuleni na -88 ikiwa dirishani imepata mawimbi yenye nguvu mara 100, kwa kuhamishwa hatua chache tu. Hakuna kifurushi cha bei ghali kitakachokupa hivyo. Siri iko kwenye ujenzi: bati hurudisha mawimbi yalikotoka, zege lenye nondo huyafifisha, na kuta nene za mawe kama zile za Mji Mkongwe, Zanzibar, huyameza kabla hayajafika chumba cha ndani. Kioo cha kawaida cha dirisha huyapitisha bila shida kubwa. Kutoka dirishani hadi ulipokaa, Wi-Fi inatosha.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau: kifaa nacho husema na mnara. Mawimbi yakiwa hafifu hulazimika kupaza sauti, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Kwa simu na MiFi nyingi za 4G kikomo cha sauti hiyo ni takribani miliwati 200. Mnara ukisikika vizuri, kifaa hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu hizo. Ndiyo maana simu inayogawa hotspoti kutoka kwenye kona mbovu inachemka mpaka haishikiki. Inauita mnara kwa nguvu zote, inarusha Wi-Fi, na mara nyingi wakati huohuo imechomekwa chaja. Betri ya lithiamu haipendi joto. Huzeeka kabla ya siku zake, na baadhi huvimba. Sasa fikiria betri hiyo imegundishwa ndani ya simu uliyoinunua kwa kujinyima miezi kadhaa. Kwenye MiFi kama Huawei E5573, betri ni ya 1500 mAh na inatoka kwa ukucha, bila fundi. Kazi ya kuchemka apewe yule ambaye betri yake inabadilishika.

Hata wakubwa wa teknolojia walijaribu kutenganisha kazi hizi, kwa kuigawa simu yenyewe vipande vipande. Google ilikuwa na Project Ara, simu ya kuchomeka na kuchomoa sehemu zake, ikaifuta mwaka 2016. Vipande vilivyoachana kabisa ndivyo vilivyodumu, kwa kuwa vinaelewana kwa lugha ambazo hazimilikiwi na kampuni moja: laini ya simu, USB na Wi-Fi. Kompyuta ya mkononi ya miaka kumi iliyopita inaweza kupata 5G leo kwa kubadilisha kisanduku tu. Simu ya 4G haibadilishwi hivyo.

Nairobi iliiona mapema faida ya kutenganisha vifaa. Watu wa Ushahidi, shirika la teknolojia la huko, walichangisha fedha kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2013 kutengeneza BRCK, ruta yenye laini na betri ya kukaa saa 8, inayohudumia vifaa 20, iliyobuniwa kwa ajili ya umeme unaokatika na mtandao unaoyumba. Inaniuma kwamba vijana wengi wa eneo letu wanajua kila toleo la iPhone na hawajawahi kuisikia BRCK.

Kinachoniudhi zaidi ni kufuli. MiFi nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa zisikubali laini ya mwingine. Ukihamia mtaa ambako mtandao wa kampuni iliyokuuzia ni dhaifu, kifaa kizima kinageuka takataka. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kufuli la programu linaongeza taka bila kumfaa mteja hata kidogo, na wasimamizi wa mawasiliano wangeweza kulipiga marufuku kwenye vifaa ambavyo mteja ameshavilipia. Umoja wa Ulaya umeshaamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sisi tunapokea MiFi mpya ambazo betri zake zimeanza kufungiwa ndani, na hatusemi kitu.

Matumizi ya MiFi ni mengi: darasa la kijijini, kliniki, mashine ya kulipia dukani, kamera ya ulinzi, kurusha harusi mubashara, safari ya basi, ofisi umeme ukikatika, huku pawabenki ikisaidia.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue mfuniko mbele yako. Hakikisha betri inatoka, kisha weka laini ya mtandao mwingine uone kama inasoma. Likishindikana mojawapo, kiache kifaa hicho dukani.