Bomba la pikipiki moja kwenye injini ya nyingine

Kijana anayeigeuza Boxer 150 kuwa pikipiki ya umbo la mbio za zamani, yenye usukani wa chini na kiti cha mtu mmoja, lazima atafika kwenye ekzosi. Ile ya kiwandani ni ndefu, nyeusi na nzito, na inaharibu umbo lote alilolihangaikia. Basi anaingia Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road akiwa Nairobi, na jicho lake linaangukia sailensa iliyong'olewa kwenye pikipiki kubwa ya Kijapani, tuseme Suzuki GSX-R600. Anaileta gereji na swali moja: fundi, hii itaingia?

Itaingia. Chuma kinakatwa, kinapindwa, kinachomelewa, na fundi mzuri wa kuchomelea hashindwi na bomba. Kinachonishughulisha mimi ni hali ya injini baada ya hapo, na msimamo wangu nautanguliza: bakiza bomba la mbele la injini yako mwenyewe, azima sailensa peke yake. Bomba la mbele ni kile kipande kinachoanzia kwenye silinda hedi na kupinda kuelekea nyuma. Watu wengi hulichukulia kama njia tu ya kupitishia moshi, kumbe ni sehemu ya injini kama ilivyo vali.

Vali ya moshi inapofunguka, ndani ya silinda bado kuna shinikizo kubwa. Shinikizo hilo hutuma wimbi ndani ya bomba, na wimbi huitangulia gesi yenyewe, likienda kwa mwendo wa sauti, ambao katika gesi ya moto kiasi hicho ni kama mita 500 kwa sekunde. Likifika mahali ambapo bomba linaishia au linapanuka ghafla, sehemu yake hurudi kama mwangwi, ila hurudi likiwa limegeuka: lilikwenda likisukuma, sasa linarudi likivuta. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni hutumia milisekunde 5 kupanda na kutoa moshi. Katika muda huo wimbi linaweza kusafiri mita 2.5, na bomba la mbele la pikipiki ndogo halifiki hata mita moja. Kwa hiyo wimbi linakwenda na kurudi vali ikiwa bado wazi. Likifika pale vali ya moshi inapokaribia kufunga na ile ya kuingizia imeanza kufunguka, mvuto wake unaondoa moshi uliosalia na kuanza kuvuta petroli na hewa mpya. Likifika wakati mwingine, linaweza kuurudisha moshi ndani.

Urefu na unene wa bomba ndio unaoamua wimbi lirudi lini na likiwa na nguvu gani. Mhandisi wa kiwanda aliupima kwa ajili ya injini ile, kwa mizunguko ile ambayo mwendesha pikipiki huitumia kila siku. Ukilibadilisha bomba hilo umeibadilisha injini, hata kama hukugusa hata nati moja ya ndani.

Anayetaka ushahidi wa uzito wa jambo hili aitazame historia ya MZ, kiwanda cha Zschopau katika Ujerumani Mashariki. Huko mhandisi Walter Kaaden alikaa miaka akichonga umbo la ekzosi za injini za mipigo miwili: koni inayopanuka ili kuvuta, kisha koni inayobana ili kurudisha ndani mchanganyiko uliokuwa ukiponyoka kupitia tundu la moshi. Kufikia 1961 injini yake ya sisi 125 ilikuwa ikitoa nguvu farasi 25, yaani nguvu farasi 200 kwa kila lita, kiwango kisichokuwa cha kawaida kabisa kwa injini isiyo na kifaa cha kuishindilia hewa. Septemba mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kwenda na ujuzi huo Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki, Degner akiwa juu ya kiti, ilitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la sisi 50. Mwenye injini ya mipigo miwili asiazime ekzosi ya modeli nyingine hata kidogo, kwa sababu pale bomba zima, mwanzo hadi mwisho, limekatwa kwa ajili ya injini moja.

Boxer ni ya mipigo minne, nayo ina huruma zaidi. Hata hivyo tazama hesabu. GSX-R600 ina sisi 599 katika silinda nne, kwa hiyo kila silinda ni karibu sisi 150, takriban sawa na ile moja ya Boxer. Lakini zote nne hutoa moshi wao kupitia sailensa moja, tena kwenye mizunguko inayopita 12,000, wakati Boxer hufikia kilele cha nguvu zake kwenye 7,500 hivi. Sailensa hiyo ilitengenezwa kumeza moshi mara nyingi zaidi ya ule utakaoipa. Mdomo wake una upana wa karibu milimita 50. Kama bomba lako lina milimita 28 kwa ndani, basi eneo la mdomo huo ni zaidi ya mara tatu ya eneo la bomba lako. Ukimshawishi fundi akutengenezee bomba la milimita 50 kuanzia kwenye silinda hedi ili "lifanane", mwendo wa moshi unashuka chini ya theluthi moja, wimbi linadhoofika, na pikipiki inakuwa nzito kuondoka kwenye taa na kupanda mlima. Nguvu za mizunguko ya juu unazozitafuta haziji pia, kwa kuwa kemu na vali za Boxer hazikuundwa kufika huko. Ndiyo maana siamini hadithi ya kutoboa sailensa ili pikipiki "ipumue". Kelele huongezeka, na sikio hudhani kelele ni nguvu.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Pima bomba la mbele kwa kalipa, ndani na nje, na pima urefu wake kwa kufuata mstari wa katikati wa mpindo hadi pale linapoingia kwenye sailensa ya zamani. Urefu huo uhifadhi. Kisha unganisha sailensa mpya kwa koni, usiishie kwenye ukuta wa ghafla. Kutoka milimita 28 hadi 50, koni yenye urefu wa milimita 90 hivi hupanuka taratibu vya kutosha. Sailensa nyingi za aina hii zimefungwa kwa ribiti. Zitoboe ribiti hizo, uifungue sailensa, uweke ndani bomba jembamba zaidi lenye matundu, ulizungushie nyuzi za chuma cha pua kwanza na pamba ya kioo juu yake, kisha uifunge upya. Ni kazi ya nusu siku, na inastahili.

Kazi hiyo ya ndani inahusu pia sauti. Boxer kwenye mizunguko 6,000 hulipuka mara 50 kwa sekunde, ilhali GSX-R kwenye 12,000 hulipuka mara 400. Pamba ya kioo humeza vizuri sauti nyembamba za haraka, lakini sauti nzito za taratibu hupenya. Hiyo ndiyo sababu sailensa iliyokuwa na mvumo mzuri kwenye pikipiki yake hugeuka nyundo ikihamia kwenye silinda moja. Jirani mwenye mtoto mchanga hana kosa. Sheria nayo ipo: Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015.

Ufungaji ndio unaovunja kazi nyingi nzuri. Bomba la chuma cha pua lenye urefu wa milimita 600, likipata joto la nyuzi 300 zaidi, hurefuka kwa milimita 3 hivi. Chuma cha kawaida hurefuka kidogo zaidi ya milimita 2. Sasa wewe umelikaza mbele kwenye silinda hedi na nyuma kwenye fremu, chuma kwa chuma. Urefu huo lazima utoke mahali, nao hutoka kwenye stadi za silinda hedi au kwenye mshono wa koni. Kwa hiyo shikizo la nyuma liwe na bushi ya mpira, na kiungo cha kati kiwe cha kuchomekana chenye klampu. Kaza stadi nusunusu kwa zamu, na gasketi iwe mpya. Kabla ya kuchomelea chochote kikiwa juu ya pikipiki, ondoa nyaya za betri na uchomoe CDI. Fungua shokabu na uinue gurudumu hadi mwisho uone kama tairi litagusa sailensa, na uhakikishe bolti ya kumwagia oili bado inafikiwa na spana.

Mwisho ni kabureta. Sailensa iliyo wazi zaidi mara nyingi huacha mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi na petroli kidogo, na injini ya namna hiyo huchemka hadi kuunguza vali. Ikilipuka-lipuka unapoachia mafuta, usikimbilie jeti. Ziba mdomo wa sailensa kwa kitambaa kinene injini ikiwa ya baridi na imewaka, usikilize viungo, kwani hewa inayoingia kwenye kiungo kilicholegea hutoa mlio uleule. Viungo vikiwa sawa, panda jeti kubwa namba moja, usitoboe ile ya zamani kwa waya. Endesha gia ya tatu mafuta yakiwa wazi kabisa kwenye barabara tupu, zima injini ukiwa umeshika klachi, simama, ngoja plagi ipoe kidogo, uitoe. Rangi ya kahawia hafifu inakuruhusu kuendelea. Nyeupe inadai jeti kubwa zaidi, na masizi meusi yanakurudisha namba moja chini. Baada ya safari hiyo, ekzosi ikishapoa kabisa, kaza nati zote upya, kwa sababu gasketi mpya itakuwa imekwishajibana.