Gunia Zito na Mgongo wa Mkulima

Kila baada ya mavuno, magunia ya mahindi ya wakulima wa Busia, pamoja na yale yavukayo mpaka kutoka Uganda, hurundikana katika masoko ya Busia na Malaba. Gunia lililozoeleka nchini Kenya lina kilo 90. Watu wawili humtwika mwenzao, naye hulipeleka mpaka kwenye lori. Kijana abebaye hivyo husifiwa. Lakini sifa haziponyi mgongo.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini, mfano wa mito midogo. Mtu akiinama magoti yakiwa yamenyoka, akainua mzigo ulio mbali na kifua chake, visahani hivyo hubanwa kwa nguvu ipitayo mno uzito wa gunia lenyewe. Akijipinda kiuno huku amebeba, hatari huongezeka.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza kikomo cha kilo 55 kwa mwanamume mzima. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo humkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo utakaomdhuru kwa uzito wake.

Basi mkulima mwenye busara na aligawe gunia hilo mara mbili, kilo 45 kila moja. Achuchumae, aukumbatie mzigo, ainuke kwa nguvu za miguu. Safari zitazidi, lakini msimu ujao ataweza kushika jembe. Haba na haba hujaza kibaba.