Walemavu Nao Wacheze Bao na Drafti

Jioni katika vijiji vyetu vya Rubafu watu hupumzika. Wengine wametoka kwenye migomba, wengine wametoka ziwani. Hukaa kivulini wakacheza bao au drafti. Lakini hapo hawachezi tu. Hapo husikia bei ya kahawa, habari za mkutano wa kijiji, na nani amefiwa. Mtu asiyefika hapo hukosa mchezo na hukosa habari pia.

Sasa tujiulize. Jirani yetu aliyepofuka yuko wapi jioni hiyo? Na yule ambaye vidole vyake vimepinda, yuko wapi? Mara nyingi yuko nyumbani, peke yake. Akili yake haijalala. Pengine zamani alikuwa bingwa, akitufunga sote. Tatizo ni kwamba mchezo umepangwa kwa macho na mikono ya wengine. Tatizo hilo lina dawa, na dawa yenyewe si ya fedha nyingi.

BAO KWA ASIYEONA

Bao lina mashimo 32. Yamepangwa safu nne, kila safu mashimo 8. Kete ni 64, kila mchezaji anazo 32. Asiyeona hana shida kubwa hapa, maana bao huchezwa kwa vidole. Mkono unajua shimo liko wapi na lina kete ngapi. Sikio nalo husikia kete zikidondoka. Shida ni moja tu: hajui mwenzake amecheza nini. Basi fanyeni hivi:

1. Kila mchezaji ahesabu mashimo yake kuanzia kushoto kwake, 1 mpaka 8. Safu moja iitwe "mbele", nyingine iitwe "nyuma".

2. Anayecheza aseme kwa sauti anaanzia wapi. Kwa mfano: "Mbele, tatu." Ataje pia upande anaoelekea. Kete zikiisha mkononi na zamu yake ikaisha, aseme: "Nimelala."

3. Asiyeona apewe nafasi ya kupapasa mashimo yote, yake na ya mwenzake. Msimharakishe. Wewe unatazama bao kwa macho muda wote, naye anatazama kwa vidole.

4. Bao litulie. Liwekwe juu ya gunia au kitambaa ili lisiteleze.

DRAFTI KWA ASIYEONA

Drafti ni ngumu zaidi, kwa sababu ubao wake ni bapa. Mkono ukipita unasukuma vizibo, na mchezo unaharibika. Lakini fundi yeyote anaweza kutengeneza ubao wa kufaa. Hata wewe unaweza.

Chukua ubao, uchore vyumba 64, yaani safu 8 zenye vyumba 8. Kila chumba kiwe na upana wa sentimeta 4, maana kizibo cha soda kina upana wa kama sentimeta 3. Katika vyumba hivyo 64, vinavyochezewa ni 32 tu. Vile 32 visivyochezewa, bandika juu yake vipande vya mbao nyembamba au boksi gumu. Sasa vyumba vya kuchezea vimekuwa kama visanduku vidogo. Kizibo kikikaa humo hakitoki mpaka kiinuliwe. Mkono unapita juu bila kuharibu kitu.

Vizibo vyenyewe tayari vinatambulika kwa vidole. Mchezaji mmoja avilaze kifudifudi, mwingine avilaze chali. Kila mmoja anavyo 12. Kwa ajili ya kingi, wekeni kando vizibo vichache vilivyotobolewa katikati kwa msumari, kisha ncha za bati zipondwe zisichome.

Kuna jambo moja la kupatana mapema. Wachezaji wengi husema: "Ukigusa, umecheza." Je, asiyeona atacheza vipi bila kugusa? Wachezaji wa sataranji walikwisha kulitatua jambo hili. Wasioona hutumia ubao wenye matundu, na kila kipande kina kijiti cha kuchomekea. Kupapasa hakuhesabiwi. Kipande huhesabiwa kuwa kimeguswa pale kinapong'olewa kwenye tundu lake. Kila mmoja pia hutaja kwa sauti alichocheza. Kwa utaratibu wa namna hiyo, mwaka 1961 wachezaji wasioona wa nchi mbalimbali walikutana mjini Meschede, Ujerumani, wakashindana. Nasi katika drafti yetu tuseme hivi: kupapasa si kucheza. Ukiinua kizibo, umecheza.

WENYE ULEMAVU MWINGINE

Mtu aliyepata ukoma huweza kubaki na mikono isiyosikia maumivu. Kizibo cha soda kina meno makali. Kinaweza kumkata asijue, na kidonda kikaharibika. Mchongeeni vipande vya mti vilivyo laini, vikubwa kidogo, ili avishike kwa urahisi. Na tusiogope kukaa naye. Ukoma una dawa, unapona, na dawa zake hutolewa bure. Aliyeanza dawa haendelei kuambukiza. Ukoma haupatikani kwa kushikana mikono wala kwa kugusa kete.

Mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, na jua humchoma ngozi. Akae kivulini muda wote, kivuli kikihama naye ahame. Ubao upakwe rangi mbili zinazoachana kabisa, kama nyeusi na nyeupe, na aruhusiwe kuinama karibu.

Kiziwi hahitaji kupigiwa kelele. Mkae uso kwa uso, mwonyeshane hesabu kwa vidole.

Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kukaa mkekani. Mchezo upandishwe juu ya meza.

Asiyeweza kabisa kutumia mikono naye anacheza. Yeye anasema, kijana anasogeza. Lakini kijana huyo asimshauri. Tunamwazima mkono, hatumwazimi akili.

MSIMWACHIE ASHINDE

Wapo watu wenye huruma mbaya. Wakicheza na mlemavu, humwachia ashinde. Hiyo si heshima, ni kumdharau. Mtu mzima anajua anapodanganywa. Mfungeni, naye awafunge. Na kabla ya kutengeneza chochote, muulizeni mwenyewe anataka nini. Yeye ndiye anayejua mwili wake.

Jambo hili si la hisani tu, ni haki. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja michezo na mapumziko. Mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini sheria haiwezi kumfuata jirani nyumbani kwake jioni ikamshika mkono. Hiyo ni kazi yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kitongoji chenu, ni nani alikuwa akicheza bao zamani na sasa haji tena? Kwa nini?

2. Nani kati yenu anaweza kutengeneza ubao wa drafti wenye visanduku?

3. Nani atakwenda kumwita jirani huyo, na lini?