Mnyanyasaji anahitaji watazamaji

Jumatatu ya tarehe 17 Novemba 2014, mamia ya wanawake walikusanyika Uhuru Park jijini Nairobi, wakashika njia hadi Accra Road. Baadhi yao walikuwa wamevaa sketi fupi, na walizivaa makusudi. Walikuwa wakielekea eneo la steji ya matatu ambako siku chache kabla ya hapo kundi la wanaume lilimzingira mwanamke mchana kweupe na kumvua nguo, eti sketi yake ilikuwa inawatia majaribuni. Kuna aliyerekodi tukio lile kwa simu, na video ikasambaa nchi nzima.

Walioitisha maandamano hayo hawakuwa chama cha siasa. Walikuwa Kilimani Mums, kundi la Facebook ambalo akina mama walilitumia kuulizana mambo ya malezi na ya nyumba. Kaulimbiu yao ilisema nguo yangu ni uamuzi wangu. Njiani walizomewa na wanaume, na mitandaoni ikazuka kaulimbiu ya kuwajibu, kwamba uchi si uamuzi wangu. Nchi ikaingia kwenye mabishano ya urefu wa sketi: sentimita ngapi ni heshima, sentimita ngapi ni uasherati.

Mabishano hayo yalikuwa mtego. Wakati watu wanapima sketi, hakuna aliyekuwa anahesabu wanaume waliokuwa pale stejini. Na hesabu hiyo ndiyo yenye maana. Mwanamume mmoja ni vigumu kumvua nguo mtu mzima aliyesimama barabarani katikati ya jiji. Lazima wawepo wa kumshika mikono, wa kumzibia njia, wa kucheka, wa kurekodi, na wengi zaidi wa kusimama kando wakitazama kana kwamba ni sarakasi. Tumezoea kusema unyanyasaji wa kingono hufanyika gizani. Mwingi hufanyika hadharani, na hadhara ndiyo inayoupa nguvu.

Yeyote aliyewahi kupanda gari jioni anajua mambo yanavyoanza. Mpiga debe analipwa kwa kujaza gari, kwa hiyo kila mpita njia ni windo. Mwanamume ataitwa kwa sauti tu. Mwanamke atashikwa mkono, mkoba wake utavutwa kuelekea mlangoni, kiganja kitatua kiunoni kwa kisingizio cha kumsaidia kupanda. Ataitwa mrembo, supa, madam. Asipoitika, maneno yanageuka: kwani unajiona nani? Hapo ndipo wenzake makanga wanapoingilia kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho kinachompa mpiga debe ujasiri wa kutamka tusi la pili. Abiria waliokwisha kukaa wanaona yote kupitia dirishani. Mmoja anainamia simu, mwingine anafunga kioo. Kila mtu anataka gari liondoke.

Wanawake wamejifunza kuishi na hali hiyo kwa mbinu ambazo hakuna shule inayozifundisha. Wanabeba leso mkobani hata kama hakuna baridi. Wanaketi karibu na mwanamke mwenzao. Wanavaa visikizio masikioni bila kuweka muziki wowote, ili waonekane hawasikii huku wakisikia kila hatua iliyo nyuma yao. Mbinu zote hizo zinambebesha mzigo yule anayenyanyaswa. Watazamaji hawadaiwi chochote.

Wala hoja ya mavazi haikuzaliwa Nairobi. Oktoba 1968, jijini Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Ilipewa jina la Operesheni Vijana. Vijana wa kiume hawakungoja tarehe: wasichana walianza kusumbuliwa na kuchaniwa nguo mitaani, Kariakoo ikiwemo. Barua zikamiminika magazetini, na baadhi ya wanawake wakauliza kwa nini utamaduni wa taifa unapimwa magotini mwao. Mwaka 1968 kisingizio kilikuwa utamaduni, mwaka 2014 kikawa maadili. Kundi lililozunguka mwanamke halikubadilika umbo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea mahali ambapo hakukuwa na steji wala wapiga debe. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kulikuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch. Usiku mabango yalibandikwa ukutani yakiwa na michoro na kashfa dhidi ya watu fulani, na aliyeyachora hakujulikana. Kadiri miaka ilivyokwenda, walengwa wakuu wakawa wanafunzi wa kike, hasa wale waliokataa kutongozwa. Msichana aliyepigwa punch alitengwa, kwa sababu aliyeonekana naye angeweza kubandikwa yeye. Mchoraji alikuwa mmoja au wachache. Waliolipa bango nguvu ni wale mamia waliopita asubuhi, wakasoma, wakacheka, wakaenda darasani.

Februari 1990, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na Punch. Msiba ule uliwatoa wanawake kwenye minong'ono. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililibeba suala hilo na kulipa jina lake halisi: unyanyasaji wa kingono, wala si utani wa wanachuo. TAMWA pamoja na vyama vingine viliendelea kushinikiza kwa miaka, hadi Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA. Kati ya kifo cha binti yule na sheria hiyo ilipita miaka minane.

Nairobi mambo yalikwenda kasi zaidi. Desemba 2014, mwezi mmoja tu baada ya maandamano, Bunge la Kenya liliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 251A: anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu afungwe miaka isiyopungua kumi. Kifungu hicho kilipitishwa ndani ya muswada wa sheria za usalama, katika kikao kilichovurugika kwa ngumi na maji kumwagwa. Siku hiyohiyo mbunge Millie Odhiambo alilalamika hadharani kwamba alivamiwa ndani ya ukumbi na nguo yake ya ndani ikachanwa. Kama kuna aliyedhani kwamba tabia hii ni ya watu wa stejini wasiosoma, jibu lake lilitoka bungeni.

Wakati huo ilikuwa imefichuka video nyingine, ya mwanamke aliyeshambuliwa ndani ya basi eneo la Githurai. Julai 2017 wanaume watatu, dereva, kondakta na mhudumu wa kituo cha mafuta, walihukumiwa kifo. Wengi walishangilia bila kutazama kilichosababisha adhabu ile. Hukumu ya kifo ilitokana na kosa la wizi wa kutumia nguvu, kwa kuwa mama yule aliporwa pia mali yake. Mwili wa mwanamke ulipata ulinzi mkubwa pale ulipoambatana na mkoba.

Sheria zenyewe zina matundu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, inamtaja mnyanyasaji wa kingono kama mtu mwenye mamlaka au anayeshika ofisi ya umma. Inamfaa mkubwa wa ofisini anayemsumbua karani. Mpiga debe hana mamlaka yoyote ya kuandikwa kwenye karatasi, ingawa stejini ndiye serikali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji huo. Yaya aliye peke yake katika nyumba ya watu hafikii idadi hiyo, wala msichana wa saluni yenye viti vitatu.

Hapo ndipo lawama moja dhidi ya harakati za ufeministi inapostahili kusikilizwa. Inasemwa kwamba ni za wanawake wa mitaa ya kifahari, wenye intaneti na muda wa kuandamana siku ya kazi. Mama mboga anayeamkia soko la Marikiti saa kumi alfajiri hakuwa na nafasi ya kwenda Uhuru Park Jumatatu. Ni kweli. Lakini kifungu cha 251A hakimuulizi mama mboga anaishi mtaa gani. Na bustani ile ina kumbukumbu za wanawake wa kila hali: mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, waligoma kula hapo wakidai wana wao waachiwe. Polisi walipowavamia, baadhi ya akina mama wale walivua nguo wenyewe, kama laana. Askari wakageuza nyuso. Wengi wa akina mama hao walitoka vijijini, na walijua vizuri tofauti kati ya mwanamke anayevua na mwanamke anayevuliwa.

Machi 2022 Nairobi ilionyeshwa tena kundi la aina ile ya stejini. Waendesha bodaboda walilizunguka gari la mwanamke katika Forest Road, barabara ambayo leo ina jina la Profesa Wangari Maathai, wakamshika na kumdhalilisha huku wengine wakirekodi. Hakuna aliyetaja sketi. Safari hii kisingizio kilikuwa madai kwamba alimgonga mwenzao. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza msako wa nchi nzima. Msako ulipita, na bodaboda zikarudi barabarani bila mtu kuuliza waliosimama kando walikuwa wangapi.

Ndiyo maana maandamano yana kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya. Kundi la wanaume stejini linamwambia mwanamke kwamba yuko peke yake. Wanawake wa 2014 walipoingia Accra Road walikuwa kundi kubwa zaidi. Januari 2024 maelfu waliandamana tena katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na wanaume walikuwemo kati yao. Kila maandamano yanampunguzia mnyanyasaji watu wa kumchekea kesho yake.

Lakini hakuna anayeandamana kila siku, na matatu yapo kila siku. Kwa hiyo sehemu iliyobaki ya kazi hii ni ya abiria. Si lazima apigane na mtu. Anaweza kumwambia kondakta, mwachie mkono. Anaweza kusogea na kusema, dada, kaa hapa. Kama ana simu mkononi, anaweza kurekodi namba ya gari na sura ya anayeshika, akampa aliyeonewa video hiyo badala ya kuirusha mitandaoni kwa ajili ya vicheko, na akakubali kuitwa shahidi. Vyama vya wenye matatu navyo vinajua kondakta wao ni nani na zamu yake ni ipi. Vikitaka kumsimamisha kazi havihitaji Bunge.

Gari la abiria 14 lina kondakta mmoja. Hesabu haijawahi kuwa upande wake. Kinachompa ushindi ni wale 13 wanaoamua kwamba hawajaona kitu.